Mdahalo haujakuangusha: jibu kwa binti wa Mbagala

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 17, niko kidato cha tatu katika shule ya kutwa ya serikali Temeke, nakaa Mbagala. Mtihani wa kidato cha pili nilipata divisheni ya pili, pointi 19. Mwaka huu nikajiunga na klabu ya mdahalo. Mwezi wa tatu nilikuwa msemaji bora kwenye bonanza la shule yetu. Mwezi wa tano tukaenda mashindano yenye shule nyingi, tukawa wa mwisho karibu kila raundi. Matokeo ya Juni nimepata divisheni ya tatu, pointi 23. Baba amesema niache, mshika mbili moja humponyoka, na mdahalo hauliwi. Anasema pia atanihamishia bweni. Tuisheni naenda, na usiku naangalia midahalo kwenye simu ya dada ili nisibaki nyuma. Nataka kuwa mwanasheria, lakini sasa hata sijui kama nina kipaji chochote. Niache?"

Marahaba, mwanangu. Usiache. Punguza, na simu ya dada yako irudi kwa dada yako. Sasa nikueleze kwa nini, maana jibu fupi hutaweza kulipeleka kwa baba.

Umefanya vizuri kunitumia picha ya ripoti. Nimeisoma na kalamu mkononi. Kiswahili 68, Kiingereza 66, Uraia 47, Baiolojia 44, Historia 43, Fasihi ya Kiingereza 42, Jiografia 41, Hisabati 18. Unajua jinsi madaraja yanavyopangwa: A inaanzia 75, B 65, C 45, D 30, chini ya hapo ni F. A ni pointi moja, F ni pointi tano, na zinajumlishwa za masomo saba uliyofanya vizuri zaidi. Kwako ni B mbili, C moja na D nne. Mbili na mbili, tatu, halafu nne mara nne: 23. Divisheni ya pili inaishia 21, kwa hiyo umeangukia ya tatu.

Sasa ziangalie zile D nne. Baiolojia imekosa alama moja kufika C. Historia imekosa mbili, Fasihi tatu, Jiografia nne. Jumla ni alama kumi. Ungezipata hizo kumi, kila moja mahali pake, ungekuwa na pointi 19, zilezile za kidato cha pili. Baba yako ameona binti aliyekuwa divisheni ya pili akaangukia ya tatu, na amepata hofu, kama mzazi yeyote angepata. Mimi naona binti aliyekosa alama kumi katika karatasi nane.

Usifurahi mapema, lakini. Mpaka huohuo una upande wa pili. Uraia ikishuka alama tatu na Kiingereza kikishuka mbili, unafika pointi 25, na ya 26 ni divisheni ya nne. Umesimama ukingoni, na nadhani hata kidato cha pili ulikuwa hapohapo. Kama C zako za mwaka jana zilikuwa za 46 na 47, basi hukuporomoka kutoka mahali pa juu. Ulikuwa unapepesuka tangu hapo, na matokeo ya kidato cha pili hayakuonyesha kwa sababu yanaandika herufi za madaraja tu. Kaitafute karatasi ya alama za mitihani ya ndani ya mwaka jana uone.

Jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi ni kwamba kidato cha tatu huwashusha hata wasiojua mlango wa klabu ya mdahalo uko wapi. Mada zinakuwa nzito, masomo yanabadilika, maswali ya kutaja yanapungua na ya kueleza yanaongezeka. Wewe umeacha Fizikia na Kemia, umechukua Fasihi ya Kiingereza, somo ambalo hukuwahi kulifanyia mtihani. Kupata 42 kwenye somo la miezi mitano si maafa. Na kuna kingine kwenye ripoti ambacho nadhani baba hakukiona: Kiingereza kimebaki B, na mwalimu wa somo ameandika pembeni kwamba unaandika vizuri kuliko mwaka jana. Hicho ni mdahalo. Umesoma shule ya msingi kwa Kiswahili miaka saba, ukaingia sekondari ukakuta Baiolojia, Jiografia na Historia zote ni kwa Kiingereza. Nimesahihisha karatasi za watoto wengi waliojua jibu wakakosa lugha ya kuliandika. Anayelazimika kusimama kila Jumatano akatetea hoja kwa Kiingereza anaziba pengo ambalo tuisheni nyingi haziligusi kabisa.

Basi kwa nini Historia imekosa alama mbili kwa msemaji bora wa shule? Hapa nakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye kesi yenyewe.

Umenitumia ukurasa wa insha yako ya sababu za Vita vya Majimaji. Swali lilitaka sababu sita. Umeanza na swali la balagha: ni nani aliyewahi kuona risasi ikigeuka maji? Ukaingia kwa Kinjekitile Ngwale, ukaeleza dawa yake na jinsi Wajerumani walivyomnyonga mwaka 1905, ukurasa mzima, kwa hamasa ambayo ningeipigia makofi ukumbini. Halafu ukaja kwenye kodi, nusu ukurasa. Halafu muda ukaisha. Mwalimu wako ameandika kwa kalamu nyekundu, "Hoja nyingine ziko wapi?" na kukupa 6 kati ya 15. Amekuonea huruma, mimi ningekupa 5. Kinjekitile kama kiongozi wa imani iliyowaunganisha watu ni hoja, lakini ni hoja moja, na umeilipia gharama ya nne.

Umeandika mdahalo kwenye karatasi ya mtihani. Kwenye mdahalo tunakufundisha uchague hoja mbili au tatu, uzichimbe, uzirudie kwa maneno mengine, uwajibu wapinzani, uache sauti ikae masikioni mwa majaji. Msahihishaji hana masikio. Ana mwongozo wenye hoja zilizoorodheshwa, ana rundo la karatasi, na anatafuta hoja ya tatu iko wapi ili aiwekee alama. Ukimpa hoja mbili tamu sana, atakulipa hoja mbili.

Aya ya hoja moja ungeweza kuiandika hivi, ingawa karatasini itakuwa kwa Kiingereza: "Watu walilazimishwa kulima pamba. Kuanzia mwaka 1902 utawala wa Kijerumani uliwapeleka wanavijiji wa kusini kwenye mashamba ya pamba kwa malipo duni, huku mashamba yao ya chakula yakikosa mikono. Ndiyo maana Julai 1905, huko Umatumbi, watu walianza vita kwa kung'oa mipamba." Sentensi tatu. Ya kwanza inataja hoja, ya pili inaieleza kwa tarehe na mambo yaliyotokea, ya tatu inairudisha kwenye swali. Kisha unaruka mstari unaenda kwenye ukatili wa maakida waliosimamia watu kwa niaba ya Wajerumani, kisha kodi, kisha Kinjekitile, kisha kuporwa madaraka kwa viongozi wa jadi, kisha ghadhabu ya watu dhidi ya utawala wa kigeni wenyewe. Sita. Utakuwa umetumia nusu ya wino wako wa zamani.

Fasihi ya Kiingereza na Kiswahili zinakwenda hivyohivyo. Unajua swali la kawaida la Kiswahili, utumie vitabu viwili na utoe hoja tatu kwa kila kitabu. Mwanamdahalo hukipenda kitabu kimoja akakitetea mpaka kengele ikalia, kitabu cha pili kikapata mistari minne.

Kwa hiyo zoezi langu kwako ni moja tu. Kila Jumatano mdahalo ukiisha, kabla hujatoka getini, kaa dakika 20 uandike hoja tatu ulizozisikia siku hiyo, za upande wako na za wapinzani, kila moja kwa sentensi tatu za aina hiyo, kwa Kiingereza. Mada ikiwa ni zile za kila siku, maisha ya mjini na ya kijijini, shule za bweni na za kutwa, sawa, mkono unajifunza. Lakini mwombe mlezi wenu angalau mara moja kwa mwezi mada itoke kwenye silabasi: kama ukoloni ndio chanzo kikuu cha umaskini wa Afrika, kama miji ikue au izuiwe kukua. Hapo unafanya mdahalo na unasoma Historia au Jiografia kwa pumzi moja. Mlezi akikataa mada hizo kwa kuwa hazina msisimko, mwambie mimi nimezitumia na watoto wamekaribia kushikana mashati.

Na Historia usiichukulie kama somo moja kati ya manane. Unataka sheria. Njia yako ya kawaida ni tahasusi ya kidato cha tano kama HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, na huko unaingia kwa kuwa na krediti, C kwenda juu, katika masomo ya tahasusi. Kiswahili unayo, Kiingereza unayo. Mlango umefungwa na Historia ya 43. Alama mbili, mwanangu. Tena matokeo ya kidato cha tatu si ya mazoezi: kwa mtahiniwa wa shule, alama za maendeleo zinachangia 30 kati ya 100 za matokeo ya mwisho, mtihani wa Novemba wa kidato cha nne unachangia 70, na mitihani ya mwaka huu imo ndani ya hizo 30.

Baiolojia haina uhusiano na mdahalo. Ni maana za maneno na michoro yenye majina, na alama moja unaipata kwa kuchora figo vizuri. Jiografia, anza na kusoma ramani na picha, kwa sababu hapo hakuna Kiingereza kirefu, ni rula, kipimio na macho. Hisabati ya 18 haikuhesabika kwenye pointi zako kwa kuwa ni ya nane, lakini usiitupe, maana kozi nyingi za vyuo zitakuuliza kuhusu Hisabati siku mambo ya sheria yakikataa. Lenga 30 kwanza. Seti, takwimu na uwezekano zinaweza kukupa hizo alama 12 bila kugusa mada zinazokutisha.

Sasa muda. Baba anasema mshika mbili moja humponyoka. Nimehesabu kwa maelezo yako mwenyewe na sioni mbili, naona nne. Mdahalo Jumatano na Ijumaa, saa mbili mbili, jumla saa nne kwa wiki, ukiacha Jumamosi za mashindano. Tuisheni siku tatu, saa mbili mbili, sita. Video usiku, umesema kuanzia saa tatu na nusu hadi karibu saa sita, siku sita: zinafika saa kumi na tano. Na bado shule yenyewe. Mdahalo, ule wa kusimama na kusema, ndio mdogo kuliko yote. Kinachokula ni simu, chini ya shuka, ukiwa umechoka, ukimtazama mtu wa ng'ambo anayeongea haraka kiasi kwamba humfuati. Halafu asubuhi unaamka saa kumi na moja kuwahi daladala, na tunajua jinsi makonda wa Mbagala wanavyowatazama wanafunzi wa nauli pungufu. Unafika darasani kipindi cha kwanza kimeanza, na umesema mwenyewe kipindi cha kwanza mara tatu kwa wiki ni Historia. Unaona?

Tazama video moja Jumapili mchana, iliyo na mada unayoielewa, na uwe na daftari. Inatosha. Tuisheni nayo iulizwe maswali. Kama ni chumba chenye watoto themanini wanaokaririshwa majibu ya mitihani ya nyuma, bakiza ya Hisabati tu, na zile siku nyingine mbili ziwe za kuandika insha. Najua walimu wenzangu wa tuisheni watanuna. Wanune.

Jumamosi isiyo na mashindano, omba ruhusa uende Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Nyumbani kwenu, umesema, kuna wadogo zako na redio ya jirani. Kule utapata meza na ukimya. Na ukipita pale kumbuka barabara hiyo ina jina la mwanamke wa hapahapa Dar es Salaam, mwimbaji wa vikundi vya ngoma, ambaye hakufika mbali shuleni, na katika miaka ya 1950 aliwaingiza maelfu ya wanawake TANU kwa kusimama na kusema. Habari za Mwalimu Nyerere na chama cha mdahalo cha shule ya Tabora sikupi, kila mlezi wa klabu anazo, na baba atakujibu kwamba wewe si Nyerere.

Kuhusu kupanda na kushuka kwako kwenye mdahalo wenyewe, ulichokiona Machi na ulichokiona Mei ni michezo miwili tofauti. Bonanza la shule lilikuwa la pande mbili, kuunga mkono na kupinga, mada mlipewa wiki mbili kabla, na wanafunzi wenzako walikuwa wanapiga meza. Sauti yako nzuri na ujasiri wako vilibeba siku. Mashindano ya Mei, kwa jinsi ulivyoyaeleza, yalikuwa ya mtindo wa bunge la Uingereza: timu nne chumba kimoja, mbili upande wa serikali, mbili upande wa upinzani, kila timu watu wawili. Mada inatolewa dakika 15 kabla. Kila mtu ana dakika saba, na ukitoa ya kwanza na ya mwisho, wapinzani wanaruhusiwa kusimama kuomba kukukatiza. Mwisho majaji hawaulizi nani kaongea vizuri, wanazipanga timu nne kwa mchango wa kila moja: wa kwanza pointi tatu, kisha mbili, moja, na wa nne sifuri.

Umesema mara nyingi mlipangwa timu za kufunga, yaani zile za pili kuongea upande wao, na kwamba mliwaunga mkono sana wenzenu wa mwanzo. Ndilo kosa. Timu ya kufunga inayorudia hoja za waliofungua upande wake, hata kwa Kiingereza safi, imechangia sifuri. Kazi yenu ni kuleta kitu kipya ambacho hakijasemwa: kundi la watu waliosahaulika, sababu iliyorukwa, au kueleza kinaganaga jambo ambalo wenzenu walilitaja tu. Katika zile dakika 15, andikeni hoja nyingi kuliko mnazohitaji, kisha mkiwa mnawasikiliza wa mwanzo, mkate kila wanayoitumia. Inayobaki ndiyo yenu. Tena mlikaa mkawauliza majaji baada ya matokeo? Karibu kila mara wako tayari kueleza, na watoto wengi wanakimbilia soda.

Kwa hiyo swali la kipaji liache. Msichana yuleyule, kinywa kilekile, kanuni zimebadilika. Na dawa ya kule inafanana na dawa ya insha yako: hoja zaidi, mapambo pungufu.

Baba yako sasa. Hapa nakusihi usitumie mdahalo. Najua unaweza kumshinda kwa hoja, na ukimshinda mbele ya wadogo zako umeshindwa. Hakuna mzazi anayependa kufungwa mdomo na mtoto aliyemlipia nauli. Usimwambie methali yake ina kasoro. Anza kwa kukiri kwamba matokeo yameshuka na kwamba ana haki ya kuogopa. Mpe karatasi moja uliyoandika kwa mkono: zile alama kumi ziko wapi, siku zipi utaandika insha, simu imerudi kwa dada. Halafu omba, usidai. Mwombe Jumatano ibaki, Ijumaa uiache wewe mwenyewe kabla hajakuambia, na mashindano ya Jumamosi yawe moja tu hadi mtihani wa mwisho wa mwaka. Kama Historia haikufika 45 kwenye mtihani huo, utasimama mdahalo hadi ifike. Mzazi anayeona mtoto ameweka dau lake mezani husikiliza tofauti. Ukiona ni mgumu, mpitishe mama, au yule shangazi uliyesema anamsikiliza, awepo siku hiyo. Na mwombe mlezi wa klabu aandike barua fupi yenye saa kamili za kuanza na kumaliza, kwa sababu nahisi nusu ya hasira ya baba ni kutokujua binti yake yuko wapi saa kumi na mbili jioni Temeke ile. Hiyo hofu usiidharau.

La bweni, mimi silipendelei, maana utapoteza walimu wanaokujua kwa ajili ya alama kumi. Ila kama baba atashikilia, basi asichelewe. Mwakani mapema shule zinawasajili watahiniwa wa kidato cha nne, na kuhama baada ya hapo kuna usumbufu mwingi. Amwone mkuu wa shule yenu kabla ya likizo ya Desemba, aulize utaratibu wa uhamisho na kama alama zako za maendeleo zitakufuata, na aulize shule mpya kama wana tahasusi unazozitaka kidato cha tano. Wewe beba ripoti zote mbili kwenye bahasha, ya kidato cha pili na hii ya Juni.